Wakili aliyeamua kuuza sheria kwa rejareja

Leo sizungumzii bei ya jumla wala wapi pa kuchukua mzigo. Nataka tumzungumzie wakili mmoja wa kike wa Lagos, Nigeria, anaitwa Odunoluwa Longe. Usipite haraka ukasema hayo ni mambo ya wasomi. Alichokifanya huyu dada kinatuhusu sisi wenye fremu kuliko tunavyodhani.

Longe ni mwanasheria kamili. Na unajua kwetu mtoto akiwa wakili ukoo mzima unatembea kifua mbele: ofisi, suti, joho, mahakama. Yeye na wenzake wawili, Funkola Odeleye na Bola Olonisakin, wakaanzisha huduma ya mtandaoni inaitwa DIYlaw. Jina lenyewe maana yake ni sheria ya kujifanyia mwenyewe. Mfanyabiashara anaingia mtandaoni, anaanzisha usajili wa jina la biashara au kampuni yake, anapata nyaraka za kisheria za biashara, na bei anaiona kabla hajatoa hela. Taasisi ya HiiL ya The Hague, Uholanzi, inayohangaika na watu kupata haki, iliwapa tuzo kwa kazi hiyo.

Sasa kuna watu watasema amepoteza elimu yake, kasoma sheria miaka yote hiyo halafu anaenda kucheza na kompyuta. Mimi nabisha. Nimeishia kidato cha nne, sheria sijaisoma, ila biashara ya rejareja naijua. Na ninachokiona hapa ni rejareja.

Fikiria sukari. Ingekuwa inauzwa kwa gunia tu, mama mwenye watoto watatu na hela ya siku moja asingekunywa chai. Muuza duka anafungua gunia, anapima robo, nusu, kilo. Sukari ni ileile, ila imefika kwa mtu ambaye gunia halimuwezi. Huduma ya wakili kwa miaka mingi imeuzwa kwa gunia. Unaingia ofisini hujui bei, unakaa kwenye kiti unaogopa hata kuuliza, mwisho unaondoka unasema nitarudi. Hurudi.

Halafu angalia mambo tunayoyahitaji sisi wadogo. Kusajili jina. Mkataba wa fremu. Makubaliano ya ubia. Karatasi ya kijana unayemwajiri dukani. Karatasi ya mzigo wa mkopo. Mengi yanafanana, kinachobadilika ni majina, tarehe, kiasi na masharti machache. Kama kila mteja anaandikiwa upya kuanzia mstari wa kwanza, lazima iwe ghali. Lakini wakili akikaa chini mara moja, akaandaa nyaraka vizuri, mfumo ukamuuliza mteja maswali na kujaza majibu yake, bei inashuka. Wakili anabaki na muda wa yale magumu yanayohitaji kichwa chake. Ndiyo maana nasema sheria yake hajaitupa, ameifungua gunia na kubandika bei.

Kwa nini naona hili ni kubwa? Kwa sababu naona sokoni watu wanavyoumia. Jirani zangu wawili walifungua duka la makava na chaja za simu. Mmoja katoa mtaji, mwingine anasimama dukani kutwa. Marafiki wa damu, karatasi ya nini? Biashara ilipochanganya, swali likaja: mzigo uliopo ni wa nani? Wa mtaji akasema ni wangu wote, wewe nilikuwa nakulipa. Wa dukani akasema sisi ni wabia, nusu kwa nusu. Mmoja akaja na kufuli lake. Duka likafungwa wiki kadhaa, kodi inakwenda, makava yanapitwa na simu mpya. Leo hawasalimiani. Ukurasa mmoja tu ulioandikwa wakati bado wanacheka pamoja ungewasaidia sana.

Najua mtakachosema: karatasi haimzuii tapeli. Kweli, haimzuii. Ila wengi tunaogombana nao sio matapeli. Ni ndugu, rafiki, mwenye fremu, watu ambao kila mmoja anakumbuka maneno kivyake. Karatasi inakumbuka kwa niaba ya wote.

Lakini tusidanganyane pia, mtandao una mipaka yake:

1. Usichukue mkataba wa nchi nyingine ukabadilisha majina tu. Nigeria biashara zinasajiliwa na tume yao ya CAC, Tanzania ni BRELA, na sheria ni tofauti. Tafuta huduma ya hapahapa. Kwetu ipo Sheria Kiganjani, inayowaunganisha watu na mawakili kwa simu.

2. Kusajili jina la biashara sio kufungua kampuni. Jina likisajiliwa, biashara na wewe bado ni mtu mmoja, deni la duka linaweza kukufuata mpaka nyumbani. Kampuni inasimama peke yake kisheria. Jua unachosajili.

3. Usajili wa BRELA unafanyika kwa mtandao na utahitaji namba yako ya NIDA. Usimpe kila kijana wa stationery namba zako na neno la siri. Kama unasaidiwa, kaa pembeni yake uone anachojaza.

4. Kesi iliyofika mahakamani, kiwanja, mirathi, hayo nenda kwa wakili ana kwa ana. Robo kilo haitoshi kupikia harusi.

Na mawakili mnaosoma hapa, mniwie radhi, ila nitasema. Sisi hatukimbii sheria, tunakimbia bei isiyojulikana. Mwenye duka akificha bei, mteja anahisi ataonewa, anaenda duka la jirani. Duka la jirani kwenye sheria ni kuandikiana kwenye daftari bila shahidi, au kutoandikiana kabisa. Wekeni bei za yale madogo wazi. Mtatupata wengi.

Kwa dada zangu mliosoma, iwe sheria, uhasibu au unesi, na mnangoja ofisi iwaite: Longe na wenzake walitazama nani anakosa huduma yao na kwa nini anaikosa. Swali hilo linafaa kazi yoyote. Cheti chako ni mzigo mzuri, lakini umeufunga kwa kipimo gani?

Wewe mwenye fremu, leo kabla ya kufunga duka jibu mambo matatu. Jina lililo kwenye bango lako limesajiliwa kwa jina la nani? Mkataba wa fremu unao, na umeandikwa jina lako au la dalali? Unayeshirikiana naye, mmeandikiana nini? Kama moja halina jibu, anza na hilo wiki hii, wakati bado mnaelewana.