Kitabu cha picha juu ya Kivu: kanisa liseme nini?

Mwezi wa tisa mwaka wa 2018, nyumba ya uchapishaji ya Le Lombard huko Brussels ilitoa kitabu cha picha chenye jina ambalo kwetu halihitaji maelezo: Kivu. Aliyeandika hadithi ni Jean Van Hamme, Mbelgiji anayejulikana kwa XIII, Thorgal na Largo Winch. Michoro ni ya Christophe Simon. Majuma machache baadaye, tarehe 5 mwezi wa kumi, ikatangazwa huko Oslo kwamba tuzo ya amani ya Nobel inakwenda kwa Daktari Denis Mukwege, pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Daktari Mukwege ni mmoja wa watu wanaoonekana ndani ya kitabu hicho, kwa jina lake halisi.

Ndiyo maana vijana wa makanisa yetu hapa Goma wanauliza juu ya vitabu hivi, ambavyo wao huviita BD. Wazazi nao wanauliza kama ni vyema mtoto wa Mkristo kuvisoma. Tumesikia maoni ya namna tatu, na tunaona yafaa kuyapima moja moja, kwa sababu jambo lililo ndani ya kitabu hiki linakaa pia kwenye viti vya makanisa yetu kila Jumapili.

Hadithi yenyewe, kwa ufupi, ni hii. Mhandisi kijana kutoka Ulaya anatumwa Bukavu na kampuni kubwa ya madini. Huko anagundua jinsi koltani inavyopita mikononi mwa wenye silaha kabla ya kufika kwenye simu za watu wa mbali, na jinsi wanawake na watoto wa vijijini wanavyobakwa kama njia ya vita. Anakutana na msichana mdogo aliye hatarini. Anafahamu kazi ya hospitali ya Panzi. Mwishowe anasimama kinyume cha watu waliomtuma.

Maoni ya kwanza husema: kitabu hiki kinatuaibisha, Wazungu wanatuchora tena kama watu wa porini. Hasira hiyo ina mizizi. Mnamo 1930 na 1931 Hergé alichapisha safari ya Tintin katika Kongo, katika gazeti la watoto la Brussels, naye hakuwahi kufika kwetu. Mkongomani alichorwa pale kama mtoto mjinga anayesubiri kufundishwa. Ndugu yetu Bienvenu Mbutu Mondondo alikishtaki kitabu hicho mbele ya mahakama za Ubelgiji tangu 2007, na mwaka 2012 mahakama ilikataa kukipiga marufuku. Mtu aliyechorwa hivyo hawezi kulaumiwa akiangalia kila mchoro mpya kwa mashaka.

Lakini Kivu si kitabu cha namna hiyo. Lawama ndani yake inaifikia Ulaya yenyewe, kampuni zake na wanunuzi wake, pamoja na wenye silaha wanaofanya nao biashara. Hata hivyo, wanaosema tumeaibishwa wajiulize aibu hiyo ni ya nani. Mwaka 2015 serikali yetu ilikataza filamu ya Thierry Michel juu ya Daktari Mukwege isionyeshwe nchini, kisha majuma machache baadaye ikaachilia. Katika kukataza huko, waliotendewa ubaya waliombwa wanyamaze ili jina la wakubwa lisichafuke. Tunalijua neno hilo kutoka 2 Samweli 13. Tamari alipobakwa na Amnoni, ndugu yake Absalomu alimwambia anyamaze, na mfalme Daudi alikasirika lakini hakufanya kitu. Tamari akabaki ukiwa nyumbani mwa ndugu yake.

Maoni ya pili husema: afadhali dunia ijue. Tunakubali. Kitabu cha picha kinafika kwa watu wasiosoma ripoti za Umoja wa Mataifa, na mtu wa Ulaya akiuliza simu yake imetoka wapi, hilo ni jambo jema. Swali letu ni juu ya mtu aliyewekwa katikati ya hadithi. Ni mgeni. Msomaji anaona mateso yetu kupitia macho yake, anangoja uamuzi wake, anafurahi moyo wake unapogeuka. Sisi tuliobaki hapa tunapita kando ya ukurasa.

Sasa tutazame jambo lililotokea kweli, Kavumu, kaskazini ya Bukavu. Kwa miaka kadhaa wasichana wadogo, takriban 40, waliibwa usiku kutoka nyumbani mwao wakabakwa. Wengine hawakuwa wamefika umri wa kwenda shule. Wazazi walilia, waganga wa Panzi waliwatibu na kuandika walichokiona, wanasheria na watetezi wa haki walifuatilia bila kuchoka. Mwezi wa kumi na mbili 2017 mahakama ya kijeshi ilikaa palepale Kavumu na kuwahukumu kifungo cha maisha mbunge wa jimbo na wenzake kumi. Kikundi chao kilijiita Jeshi la Yesu.

Wapendwa, tusipite haraka juu ya jina hilo. Ukatili ule ulivaa jina la Bwana wetu. Na haki iliyopatikana ilitafutwa na wamama wa kijijini waliokubali kusema mbele ya mahakama, na Wakongomani waliowasimamia. Hadithi ya Kavumu ingechorwa vizuri, mhandisi kutoka Ulaya asingekuwa katikati yake.

Daktari Mukwege mwenyewe ni mtoto wa mchungaji. Alifanya kazi Lemera, hospitali iliyozaliwa na kazi ya wamisionari wa Kipentekoste, hadi iliposhambuliwa mwaka 1996, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Panzi, iliyoanzishwa 1999, ni hospitali ya CEPAC. Hapa Goma, HEAL Africa imewapokea wanawake wenye majeraha yaleyale. Kazi inayosifiwa leo ilianza katika jamaa ya makanisa yetu ya Kiprotestanti. Je, tumewasimulia watoto wetu, au tumengoja waisome kutoka Brussels?

Maoni ya tatu husema: katuni ni mchezo wa watoto, kanisa lina kazi nyingine. Ndugu zetu Wakatoliki hawakufikiri hivyo. Nyumba ya Mtakatifu Paulo ya Kinshasa imetoa kwa miaka mingi vitabu vya picha juu ya Biblia na juu ya mashahidi wa imani. Serge Diantantu, Mkongomani anayeishi Ufaransa, amechora maisha ya Simon Kimbangu, yule mkatekista wa Kibatisti aliyekamatwa 1921 na kufa gerezani Elisabethville mwaka 1951. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, amechora Kongo ya jana na ya leo. Kenya, tangu 2010, Shujaaz inawafikia vijana kwa lugha wanayoiongea barabarani. Na nabii Natani, alipotumwa kwa Daudi, alianza na hadithi ya tajiri na kondoo wa maskini. Mfalme alihukumu kabla hajatambua kwamba anajihukumu mwenyewe.

Kwa hiyo tunasema nini kwa makanisa?

Wazazi na walimu wa ekodim: kitabu hiki ni cha watu wazima. Kina picha za ukatili, na katika madarasa yetu wako watoto walioyaona mambo hayo kwa macho yao. Wasionyeshwe. Vijana wakubwa wakisome, lakini pamoja na mtu mzima anayeweza kujibu na kusikiliza.

Wachungaji: kitabu cha kigeni kinataja ubakaji wazi, na mimbari nyingi zetu bado zinanong'ona. Mficha maradhi kifo humfichua. Tunajua wamama waliofukuzwa na waume zao baada ya kubakwa, na walioacha kuimba katika kwaya kwa sababu ya masengenyo. Kuna desturi ya kumsifu mwanamke aliyekufa akikataa kubakwa. Tunamheshimu yeyote aliyekufa hivyo, kama Anuarite aliyeuawa 1964. Lakini tuseme kwa sauti ileile kwamba aliyebakwa akabaki hai hakutenda dhambi yoyote, na nafasi yake mezani pa Bwana haijapungua. Wanaume wasikie neno hilo kutoka mimbarani, maana wao ndio wanaofungua au kufunga mlango wa nyumba.

Viongozi wa komonote: mjini humu wako vijana wanaochora vizuri kwenye kuta, kwenye daftari na kwenye vibao vya maduka. Huko Beni, katika vita dhidi ya Ebola, tuliona jinsi picha inavyomfundisha mtu asiyejua kusoma. Tuwape vijana hao karatasi, wino na muda wa kukaa na wazee. Wachore Lemera, wachore Kavumu, kwa Kiswahili, bila kufichua sura wala jina la aliyeumizwa, na bila kuchora lolote ambalo yeye mwenyewe hakukubali lichorwe.

Tarehe 10 mwezi wa kumi na mbili 2018 Daktari Mukwege alipokea tuzo yake Oslo. Tulishangilia, na ilikuwa haki. Tunaomba kila parokia itenge Jumapili moja, si kwa ngoma na hotuba tu, bali kwa kuwaombea waliobakwa na kuwaita wale waliofukuzwa warudi nyumbani. Mungu atupe ujasiri wa kufanya hivyo.