Webuye: Ufufuo Usiishie Kwenye Bomba la Moshi

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mji wa Webuye katika Kaunti ya Bungoma ni kielelezo hai cha kauli hiyo. Kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills, maarufu kama Panpaper, kilianza uzalishaji mwaka 1974. Misitu ya Turbo ilikilisha, Mto Nzoia ukakinywesha, na mji ulioitwa Broderick Falls enzi za ukoloni ukafurika watu kutoka kila pembe. Mwaka 2009 kilifungwa kikiwa kimelemewa na madeni. Mwaka 2016 kikauzwa kwa kundi la Rai kwa shilingi milioni 900. Shangwe zilihanikiza, ila Webuye haijarejelea uchangamfu wake wa awali.

Je, kufufua kiwanda ni kuwasha mitambo tu? La hasha! Wakazi wa Webuye hawakuvuna mishahara pekee. Walivuta pia harufu kali ya salfa na kushuhudia mabati ya nyumba zao yakiliwa na kutu. Mto Nzoia nao hautambui mipaka ya kaunti: huanzia milima ya Cherangani na Elgon, ukapita Trans Nzoia, kisha Webuye, hadi Ziwa Viktoria. Kwa hiyo, ufufuo wa kweli sharti utanguliwe na kupimwa kwa udongo na maji, na matokeo yatangazwe hadharani. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi.

Wapo watakaosema kuwa mwenye njaa hana hiari, na kwamba ajira itangulie. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, ajira isiyo na masharti bayana ni nyumba iliyojengwa mchangani. Mwaka 2025 serikali ilivikodisha viwanda vinne vya sukari kwa miaka 30, kikiwemo cha Nzoia papa hapa Bungoma. Mkulima wa miwa ana haki ya kujua yaliyomo katika mkataba utakaotawala shamba lake hadi wanawe watakapokuwa watu wazima.

Hapa ndipo sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tunapoingia. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Mbona basi mikataba na ripoti za mazingira ziandikwe kwa Kiingereza kitupu? Tujitolee kuzitafsiri. Aidha, twende Webuye tukarekodi simulizi na msamiati wa wafanyakazi waliohudumia mitambo ile, kabla hawajatutoka. Mji usiojua ulivyoanguka hauwezi kujua namna ya kusimama. Ajizi, wenzangu, ni nyumba ya njaa.