Malengelenge ya Dawa Si Uchawi

Wako watu miongoni mwetu, na baadhi yao ni wasomi wenye vyeti, ambao wakimwona mgonjwa aliyevimba midomo, mwenye vidonda kinywani na malengelenge mwilini, husema upesi: amerogwa. Kauli hiyo inaua. Mara nyingi kilichomdhuru mgonjwa huyo kimo mfukoni mwake, nacho ni kidonge.

Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1922 na madaktari wawili wa Marekani, Stevens na Johnson, na hadi leo unaitwa kwa majina yao. Huanza kwa homa, macho mekundu na koo kuuma. Kisha kinywa huchubuka, na ngozi hubambuka kama iliyomwagiwa maji ya moto. Kwa kawaida hutokea kati ya siku 4 na 28 tangu dawa ianze kutumiwa. Dawa zenyewe ni hizo tulizozizoea: Septrin na Fansidar, zenye salfa, baadhi ya dawa za kifafa, na nevirapini ya UKIMWI. Hufa karibu mgonjwa 1 kati ya 10. Ngozi ikibambuka zaidi ya asilimia 30 ya mwili, hufa karibu 1 kati ya 3. Wengine hupona wakabaki vipofu.

Afrika Mashariki imekwisha kulipia somo hili. Thiasetazoni, dawa ya kifua kikuu iliyopendwa kwa urahisi wa bei, iliwabambua ngozi wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI, na utafiti wa Nairobi uliotangazwa mwaka 1991 ukathibitisha hatari hiyo. Je, somo hilo tumelisahau?

Itazameni Tunduma. Huu ni mji wa mpakani, lango la Zambia na Kongo, wenye madereva na wafanyabiashara ambao leo wapo, kesho hawapo. Msafiri humeza kidonge hapa, akaugua mbali, na hakuna ajuaye alimeza nini. Katika hali kama hiyo, kuuza dawa kiholela bila kuuliza wala kuandika ni ulanguzi wa maisha ya watu.

Lakini tusimlaumu mchuuzi peke yake. Mwalimu anayetoa Septrin kwenye droo na kumgawia mwanafunzi, na karani anayemkopesha mwenzake vidonge vilivyobaki nyumbani, nao wamo katika kosa hilo hilo. Wema usio na elimu haufai kitu.

Hatusemi dawa hizi zitupwe. Zimeokoa maisha ya watu wengi, na madhara haya hutokea kwa nadra. Tunasema mtoa dawa aulize kwanza: je, dawa yoyote imewahi kukudhuru? Jibu liandikwe kwenye kadi ya mgonjwa kwa herufi kubwa. Naye atakayeona malengelenge au vidonda kinywani baada ya kuanza dawa asimeze kidonge kingine. Aende hospitali siku hiyo hiyo, pakiti mkononi. Akipelekwa kwa mganga huku akiendelea kumeza, anapelekwa kaburini.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, wakachimba vyoo. Walimu na watumishi wa Songwe hawana budi kuirudisha ari ile. Ujinga ni adui tuliyeapa kumpiga vita. Ni aibu kumpa hifadhi katika ofisi na madarasa yetu.