Gari likigoma, tuchunguze kabla ya kununua

Katika barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi, hapana sehemu inayomfundisha mwenye gari kuukuu adabu kama ile iliyo baina ya Samburu na Mackinnon Road. Katikati yake ni Taru, nyika kavu ya Kwale ambayo misafara ya karne ya 19 iliiogopa kwa uhaba wa maji. Wasafiri wale hawakuingia nyikani kabla ya kujaza vibuyu vyao. Sisi wa leo twaingia na gari la mitumba, ufunguo mkononi, bila kujua hata kidogo la kufanya litakapozimika na kukataa kuwaka.

Maoni yangu ni kwamba hasara kubwa wanayopata wenye magari ya zamani haitokani na ukuukuu wa magari hayo. Inatokana na desturi yetu ya kununua vipuri kabla ya kujua ugonjwa.

Magari ya mitumba hayaepukiki. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza nchini gari lililozidi umri wa miaka 8, lakini hazisemi litakaa miaka mingapi likishaingia. Gari lililofika likiwa na miaka 7 huuzwa mara ya pili, ya tatu na ya nne, na mnunuzi wa mwisho ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Huyo ndiye anayekwama Taru saa nane za mchana, mke na watoto wamejikunyata chini ya mgunga, huku malori yakipita kwa kishindo.

Nimeona mara nyingi yanayofuata. Fundi huitwa, hufungua boneti, hutazama kwa muda mfupi, kisha hutamka, "Ni stata." Stata hununuliwa. Gari haliwaki. "Basi ni betri." Betri hununuliwa. Jirani yangu mmoja alipitishwa njia hiyo kwa siku tatu, na mwishowe ikagunduliwa kwamba waya unaounganisha betri na bodi ya gari ulikuwa umeliwa na kutu. Kipande cha msasa na spana vingalimaliza kazi. Bandu bandu huisha gogo, na mfuko wa jirani yangu uliisha hivyo hivyo.

Ndugu msomaji, gari lisilowaka huwa linasema. Mtu akizungusha ufunguo akasikia mlio hafifu wa tak-tak-tak, na taa zikafifia, shida aghalabu ni betri au viungo vyake. Taa zikiwaka vizuri lakini injini isizunguke, ishuku stata na waya zake. Katika gari la gia za otomatiki, hakikisha kwanza kwamba mkono wa gia uko mahali pake, maana ukikaa vibaya stata haitapata umeme. Injini ikizunguka kwa nguvu lakini isishike, hapo betri na stata hazina hatia kubwa. Tafuta upande wa mafuta au wa moto wa plagi. Maswali hayo matatu hayahitaji shilingi hata moja, nayo hupunguza washukiwa kutoka kumi hadi wawili.

Kipimo nacho si cha anasa. Mita ndogo ya umeme ni rahisi kuliko kipuri chochote kikubwa. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama volti 12.6. Ikisoma chini ya 12, imekwisha nguvu. Injini inapozunguka, mita inapaswa kuonyesha kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Isipopanda, kununua betri mpya ni kumwaga maji katika pakacha, kwa sababu kinachoichaji ndicho kilichokufa.

Mahali petu nako kuna mambo yake. Gari linalolala Diani au Msambweni hupigwa na hewa ya chumvi, na vichwa vya betri na viungo vya waya hushika ukoko. Likipanda Taru hukutana na joto, na joto ni adui mkubwa wa betri, kwa kuwa huharakisha kuoza kwa sahani zake na kukausha maji yake. Yale magari ya zamani zaidi yenye kabureta yana ugonjwa mwingine: petroli hugeuka mvuke ndani ya bomba, injini ikazima, nayo haiwaki hadi ipoe. Wengi wamenunua pampu mpya hali dawa ilikuwa kivuli na subira ya nusu saa.

Kuna watakaosema kwamba magari ya siku hizi yana kompyuta, kwa hiyo elimu hii imepitwa na wakati. Sikubaliani nao. Kompyuta yenyewe haifanyi kazi pasipo umeme ulio timamu, na injini bado inadai mafuta, hewa na moto. Kilichopitwa na wakati ni zile mbinu za zamani zinazotumiwa bila kufikiri. Vijana husukuma gari la otomatiki hadi jasho liwatiririke, wala haliwezi kuwaka kwa kusukumwa. Wengine huwasha kiberiti usiku ili kutazama betri, ilhali betri hutoa gesi inayolipuka.

Je, lawama zote ni za mafundi? La, hasha. Fundi akitumia saa nzima kuchunguza na kugundua waya uliolegea, mteja humpa shilingi chache na kunung'unika kwamba hakufanya kitu. Akifunga stata mpya kwa dakika ishirini, hulipwa bila ubishi. Sisi wenyewe tumekataa kununua ujuzi wake, ndipo akalazimika kula kupitia vipuri. Tukimlipa kwa uchunguzi, tutampa sababu ya kuchunguza.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, anayetafuta leseni ya udereva aulizwe maswali haya ya msingi, na pia namna ya kuweka alama za pembetatu gari linapokwama, kwani gari lisiloonekana usiku katika barabara ya malori ni kaburi lililo wazi. Pili, Kaunti ya Kwale, ambayo chini ya Katiba ya 2010 ndiyo yenye dhamana ya vyuo vya ufundi vya vijijini, iwafunze vijana wa Taru, Samburu na Mackinnon Road upimaji wa umeme wa magari, na iwape mita. Barabara inapita mlangoni mwao na riziki iko hapo. Tatu, kila mwenye gari amwambie fundi: nionyeshe ugonjwa kwanza, ndipo nitoe fedha ya dawa.

Hakuna mgonjwa anayekubali kupasuliwa kabla ya kupimwa. Gari la mtu maskini ni shamba lake, duka lake na ada ya watoto wake. Nalo linastahili kupimwa.