Kichwa kikigongwa, usiseme "niko sawa"

Msomaji, mchezo wa kuteremka mlima wa theluji kwa vibao miguuni huenda ukauona kuwa jambo la wageni lisilokuhusu. Lakini sikiza yaliyompata mwigizaji Mwingereza Natasha Richardson mnamo Machi 2009.

Akijifunza mchezo huo huko Mont Tremblant, Kanada, alianguka kwenye mteremko wa wanaoanza. Hakuwa amevaa helmeti. Aliinuka, akazungumza vizuri, akakataa huduma ya matibabu. Baadaye kichwa kikaanza kumuuma. Siku mbili baada ya kuanguka alifariki, akiwa na umri wa miaka 45.

Damu ilikuwa imevuja kati ya fuvu na utando unaofunika ubongo. Mgonjwa wa aina hii huweza kuonekana mzima kwa saa kadhaa, kumbe ubongo unazidi kubanwa.

Kosa hilo twalifanya hapa kwetu pia. Mtu huanguka kutoka kwa bodaboda, akajipangusa vumbi, akameza tembe za maumivu na kwenda kulala. Huo si ujasiri.

Aliyegongwa kichwa asiachwe peke yake. Akitapika, akisinzia kupita kiasi, akichanganyikiwa, maumivu yakizidi au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, mkimbize hospitalini. Usingoje kupambazuke.

Na helmeti ya abiria si pambo la kuning'inizwa kwenye usukani. Idai kabla hujapanda. Heri daktari akurudishe nyumbani akisema huna neno, kuliko jamaa zako kuja kujuta.