Mwenyezi ni Mmoja

Jumamosi moja, Mazembe na Lupopo wakiwa wanangoja kukutana kesho yake hapa Lubumbashi, kijana mmoja wa paroki yetu alinijia nyumbani na chupa tupu mkononi. Akanisalimu kwa heshima, akakaa, akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Mwalimu, ninaomba maji ya baraka.» Nikamwuliza kama nyumbani kwake kuna mgonjwa. Akajibu: «Hapana, Mwalimu. Ni kwa ajili ya milingoti. Kesho mapema tunataka kunyunyizia goli letu.»

Nilicheka, maana mimi pia ni mshabiki wa Mazembe tangu utoto. Lakini nilipoona kwamba yeye hacheki, nikamwuliza: «Na ikiwa katekista wa paroki nyingine amemjazia mshabiki wa Lupopo chupa yake, Mungu atafanya nini?» Akafikiri, akajibu: «Basi atashinda yule mwenye maji mengi.» Alikwenda zake na chupa yake tupu, nami nikabaki na mzigo moyoni. Ndugu wasomaji, mzigo huo ndio ninaoutua leo mbele yenu.

Wako Wakristu wanaosema kwamba mpira ni kazi ya shetani, na kwamba dawa ya ubaya huu ni kuacha kwenda kiwanjani. Sisemi pamoja nao. Mpira katika mji wetu ulilelewa na watu wa Kanisa. Mwaka 1939 wamonaki Wabenedikto waliokuwa wakiongoza shule ya Saint-Boniface waliunda ekipe kwa ajili ya wanafunzi ambao hawakuelekea upadri. Wakaiita kwa jina la Mtakatifu Georges, msimamizi wa maskauti wao. Mwaka 1944 ikaitwa Saint-Paul. Ekipe hiyo ndiyo Mazembe ya leo. Lupopo nayo, iliyozaliwa mwaka ule ule wa 1939, inabeba mpaka leo jina la Mtakatifu Eloi, aliyekuwa fundi wa dhahabu kabla ya kufanywa askofu. Kule Kinshasa, Padri Raphaël de la Kethulle wa Shirika la Scheut aliwatumikia vijana kwa shule na kwa michezo, hata watu wakamwita Tata Raphaël, na kiwanja kikubwa kilichofunguliwa mwaka 1952 kina jina lake leo.

Mapadri wale walitaka nini? Walitaka kijana ajifunze kutii filimbi hata asipoipenda, kumpa mwenzake mpira badala ya kutafuta sifa peke yake, na kumpa mkono aliyemshinda. Mtume Paulo mwenyewe, alipowaandikia Wakorinto, alichukua mfano wa wanariadha wanaojinyima mengi kwa ajili ya taji inayonyauka. Hakuwalaumu. Alisema tu kwamba sisi tunatafuta taji nyingine, isiyonyauka. Kosa letu ni kwamba tumezichanganya taji mbili hizo.

Tazameni jina. Mapadri walipoacha kuiongoza, ekipe ikaitwa Englebert, jina la kampuni ya mipira ya magari. Mwaka 1966 ilipomaliza msimu bila kushindwa, watu wakaiongezea jina la Tout Puissant. Neno hilo, kwa Kiswahili tunachosali, ni Mwenyezi. Siwahukumu waliolitoa, kwa maana lilikuwa neno la furaha, kama baba anavyomwita mtoto wake simba. Lakini baba yule hamfugi mtoto katika tundu. Sisi tumelichukua jina la mchezo tukalifanya la imani. Asubuhi katika Misa tunakiri Mungu mmoja, Baba Mwenyezi, kwa sauti ya usingizi. Alasiri tunamkiri mwenyezi mwingine kwa ngoma na machozi.

Na je, mwenyezi huyu ana enzi gani? Tuseme kweli, sisi tunaompenda. Kombe lake la kwanza la Afrika, la mwaka 1967, lilipatikana baada ya mechi mbili za sare na Asante Kotoko wa Ghana. Mechi ya tatu ilipopangwa, Kotoko hawakufika, na kombe likapewa Englebert. Mwaka 1968 wakalitwaa tena. Mwaka 2010, kule Abu Dhabi, waliwafunga Pachuca wa Meksiko 1-0 na Internacional wa Brazili 2-0, wakawa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya dunia ya vilabu. Nani asiyekumbuka golikipa Kidiaba akirukaruka kwa makalio yake juu ya majani? Nami nilirukaruka sebuleni mwangu. Siku chache baadaye Inter Milan wakatufunga 3-0. Mwenyezi anayefungwa matatu ni kiumbe kama sisi, na apendwe kama kiumbe.

Mwaka 2015 tulitwaa tena kombe la Afrika mbele ya USM Alger. Katika mechi ya marudiano hapa Lubumbashi, bao la kwanza lilikuwa penalti ya Mbwana Samatta, kijana Mwislamu wa Tanzania. Je, yuko Mkatoliki wa Kamalondo aliyelikataa bao lile? Na Waalgeria nao, mnafikiri walikuja bila sala? Basi Mungu alisikiliza sala ya nani? Yeye ni Baba wa Samatta na Baba wa golikipa aliyefungwa. Anayemwomba amfedheheshe mwanawe mmoja ili mwingine acheze ngoma, hamjui bado. Amembatiza nganga wa zamani na kumpa jina la Mungu. Ishara ya msalaba kwake ni hirizi, na maji ya baraka ni dawa ya chupani.

Mtaniambia: «Mwalimu, huo ni mchezo tu, kuna ubaya gani?» Ubaya ni huu: mungu wa uongo, hata akianza kwa mchezo, mwisho hudai sadaka, na sadaka yake ni watu.

Mwaka 1974 Leopards wa Zaire walikwenda Ujerumani kwenye Kombe la Dunia. Wachezaji walisimulia baadaye kwamba fedha walizoahidiwa hawakuzipata, wakataka kukataa kucheza. Wakafungwa na Yugoslavia 9-0. Walipokutana na Brazili, Mwepu Ilunga, mtoto wa ekipe yetu, alitoka mbio katika ukuta akaupiga mpira mbali kabla Mbrazili hajaupiga, na dunia ikamcheka kama mjinga asiyejua sheria. Yeye alisema baadaye kwamba sheria aliijua sana, bali walikuwa wametishwa juu ya kurudi kwao nyumbani kama wangefungwa mabao mengi. Taifa lilitaka utukufu, na wafanyakazi wa utukufu huo wakakosa mshahara na amani. Mchezaji wa kulipwa ni mfanyakazi, na Mtume Yakobo anafundisha kwamba mshahara ulionyimwa unapiga kelele mpaka masikioni mwa Bwana.

Na tarehe 11 Mei 2014, Vita Club na Mazembe walipocheza katika kiwanja chenye jina la Tata Raphaël, mashabiki walirusha vitu, polisi wakafyatua moshi wa kutoa machozi, watu wakakimbilia milangoni wakakanyagana. Watu 15 walikufa. Asiseme mtu kwamba hayo ni ya Waafrika peke yao: kule Bruxelles, mwaka 1985, watu 39 walikufa katika kiwanja cha Heysel kabla ya fainali ya Liverpool na Juventus. Sanamu haina rangi.

Lakini nisiwanyoshee wengine kidole. Dominika ile ya chupa, mimi mwenyewe nilikuwa kiwanjani. Mwamuzi alikataa bao letu, nikasimama nikamtukana pamoja na mama yake, kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Nyuma yangu alikaa mtoto wa miaka kumi na miwili, mkatekumeni wangu. Jumamosi iliyofuata nilikuwa nikifundisha juu ya upendo wa jirani. Akanyosha mkono, akauliza bila hila yoyote: «Mwalimu, mwamuzi naye ni jirani?» Wenzake walicheka. Mimi sikupata neno. Yule kijana wa chupa nilimfukuza kwa ajili ya ushirikina wake, kumbe ibada yangu ilikuwa ile ile, ila mimi sikubeba chupa. Nilikwenda kuungama, na Jumamosi nyingine nikamjibu mtoto mbele ya wote: «Ndiyo, ni jirani. Mwalimu wenu alikosa.»

Basi, ndugu mshabiki, sikuambii ukae nyumbani. Nenda kiwanjani, lakini nenda kama mtu aliyebatizwa. Kwanza, ukisali kabla ya mechi, omba mambo ambayo mshabiki wa upande wa pili anaweza kuyajibu Amina: wachezaji wasivunjike, mwamuzi awe mnyofu, watu wote warudi salama kwao. Pili, chunga ulimi wako na mkono wako, hasa filimbi inapokuumiza, kwa kuwa hapo ndipo imani hupimwa, si bao linapoingia. Tatu, ukishindwa, mpe jirani yako mkono siku ile ile, usingoje hasira ilale nawe. Wake wengi na watoto wengi wamelala bila chakula kwa sababu baba alirudi na kipigo cha 1-0. Hao nao si jirani?

Na wewe, kijana wangu, ikiwa unasoma karatasi hii: njoo na chupa yako. Tutaijaza maji ya kunywa. Jua la kiwanjani ni kali, na mshabiki wa Lupopo aliye karibu nawe ana kiu kama wewe.