Elimu ya Nafsi Isiyotujua

Kijana asomaye saikolojia kwa shahada ya kwanza hupitishwa katika masomo manne yagusayo moyo wa maisha: utambuzi, mahusiano, jinsia na jamii. Ni masomo mema, wala sisemi yaondolewe. Nasema kwamba namna yafundishwavyo aghalabu katika vyuo vyetu ni kosa, na kosa lenyewe si dogo: humzoeza kijana kuipima nafsi yake kwa kanzu iliyokatwa kwa mwili wa mwingine, kisha akadhani kilichopunguka ni mwili wake.

Mwaka mmoja alinijia mwanafunzi wa kike, hodari wa masomo, amefadhaika. Alikuwa amesoma kwamba mtoto hupata utulivu wa moyo kwa kushikamana na mama yake. Naye alilelewa na bibi na shangazi, mama yake akifanya kazi mji wa mbali. "Mwalimu," aliniuliza, "je, mimi nina kasoro nisiyoijua?" Mimi ni mwalimu wa Kiswahili; walakini swali lile lilinipeleka maktaba, na niliyoyakuta huko yalinitia hasira.

Nilikuta kwamba elimu hiyo haikuanzia Marekani. Mary Ainsworth alifika Uganda mwaka 1954, akawatazama watoto 28 wa akina mama 26 majumbani mwao, katika vijiji vya Buganda karibu na Kampala. Kitabu chake kikatoka mwaka 1967. Jaribio lake mashuhuri la Baltimore lilikuja baada ya safari hiyo. Na katika kitabu hicho aliandika kwamba karibu watoto wote walioshikamana na mama zao walishikamana pia na mwingine wa nyumbani: baba, bibi, au ndugu mkubwa. Basi sehemu kubwa ya jawabu la binti yule ilikwisha andikwa, tena kutoka kwa jirani zetu. Aliambiwa habari za Baltimore. Za Buganda hakuambiwa.

Utambuzi nao ni vivyo hivyo. Mwanafunzi huonyeshwa mistari miwili iliyo sawa, mmoja miisho yake ina ncha za mshale, wa pili miisho yake imepanuka nje, akaambiwa kwamba jicho la binadamu huuona wa pili kuwa mrefu zaidi. Binadamu yupi? Segall, Campbell na Herskovits walichapisha mwaka 1966 matokeo ya kuwapima watu wa Afrika, Ufilipino na Marekani. Waliodanganyika kupita wote ni wenyeji wa Evanston, karibu na Chicago. Wasani wa Kalahari walidanganyika kidogo mno. Sababu yake ingali ikijadiliwa, na mjadala huo ndio uliostahili kuwa somo.

Katika jinsia, Carol Ember alichapisha mwaka 1973 uchunguzi wake kwa Wajaluo wa Kenya: wavulana waliopewa kazi za nyumbani, ambazo kwa desturi ni za wasichana, mwenendo wao ulikaribia wa wasichana kuliko wa wavulana wenzao. Hapo pana hoja nzito juu ya maumbile na malezi, nayo ilitoka katika nyua zetu wenyewe.

Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alionyesha kwamba katika majarida makuu aliyoyachunguza ya saikolojia ya Marekani, watu waliopimwa, asilimia 96, walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda. Mshoni aliyepima mtaa mmoja tu hana haki ya kusema anajua vimo vya mji mzima.

Najua nitajibiwa kwamba akili ya binadamu ni moja. Huenda; lakini hilo ni neno la kuthibitishwa, si la kutangulizwa. Wengine watasema Kiswahili hakina istilahi. Na watutazame tutofautishavyo haya, imzuiayo mtu kabla ya tendo, na aibu, imjiayo baada yake, na fedheha, impatayo mbele ya macho ya watu. Lugha yenye mizani kama hiyo haikosi maneno, imekosa kuulizwa.

Wala sitaki tuabudu kila kilicho chetu. Zipo desturi zetu zimwoneazo mwanamke, nazo zipimwe kwa ukali ule ule. Mtani humfanyia mzaha mfiwa matangani: je, humpunguzia majonzi, au humnyamazisha tu? Sijui, na huo ndio utafiti wa kumpa mwanafunzi wa saikolojia ya jamii, badala ya kukariri kwamba somo lake lilizaliwa katika mkutano wa Swampscott, Massachusetts, mwaka 1965.

Nataka mambo matatu. Kila nadharia itajwe pamoja na watu iliyopimwa kwao. Tafiti zilizofanywa Afrika ya Mashariki zifundishwe kwanza, si kwa tanbihi. Na mwanafunzi aruhusiwe kuandika juu ya moyo wa mtu kwa lugha ambayo mtu huyo hulilia.

Binti yule nilimpa kitabu cha Ainsworth. Alikirudisha baada ya wiki mbili, akaniuliza neno moja tu: kwa nini alikipata kwa mwalimu wa Kiswahili. Swali hilo nawaachia wenzangu wa saikolojia walijibu.